Mshubiri wa Uani na Mgomo wa Hamisi

Jumatatu, 6 Julai 1992

Nimemwagilia mishubiri kabla ya chai. Miche kumi na miwili, yote hai. Tisa imo katika makopo ya mafuta ya kupikia, miwili katika ndoo iliyotoboka, na mmoja katika sufuria ambayo Dada Saida bado anaitafuta. Maji kidogo tu. Mmea huu, kama mkulima wetu, umezoea kunyimwa.

Wiki ya nne tangu nisimamishwe masomo. Kosa: kupanda juu ya meza ya bwalo la chuo na kuhutubia kuhusu maharage. Sijuti. Maharage yalikuwa na wadudu, na wadudu hawakusimamishwa. Nalala sebuleni kwa dada, hapa mtaa wa Gerezani. Baba yuko Morogoro na hajui habari za meza.

Leo dada amenifunulia kanga, mwanamke kwa mwanamke. Uso, shingo, kifua chote hadi chini: wekundu wa nyanya, ngozi inachunika. Siku kumi amejipaka krimu ya kujichubua iliyotoka ng'ambo, aliyoinunua Kariakoo kwa siri. Hizi ndizo zama za ruksa. Ruksa kuagiza, ruksa kuuza, ruksa kubabuka. Nikahutubia nusu saa nzima. Katika dakika ya tano akaanza kulia. Nilidhani ni nguvu ya hoja, kumbe ni mwasho.

Nimetangaza kwamba nitaiponya ngozi hiyo kwa mshubiri wa uani, bila senti moja kwenda ng'ambo. Waliohudhuria tamko: dada, mwanawe Hamisi wa miezi mitano, na Shemeji Mussa aliyekuwa akitafuta soksi.

Jumanne, 7 Julai

Kazi imeanza.

Bi Somoe, mwenye nyumba wetu, mtu wa Lindi, amenikuta na kisu uani akiwa njiani kwenda Temeke kwenye arusi. Nilimpa shikamoo yake. Akaweka mfuko chini.

"Marahaba. Jani hilo ulisimamishe kwanza, mjukuu wangu, lilie machozi yake ya njano. Likinyamaza, ndipo ulimenye, uchukue ule ute mweupe wa ndani."

Nilimshukuru kwa heshima zote. Alipokata kona nikaendelea kwa sayansi. Kumwaga utomvu ni ubadhirifu, na taifa hili limemwaga vya kutosha. Nimetwanga jani zima katika kinu: ganda, ute, machozi na vyote. Umetoka uji wa kijani wenye hadhi.

Asubuhi na jioni, uso hadi kifua. Dada aliuliza aoshe baada ya muda gani. Nikamwambia mapinduzi hayaoshwi. Uache ukauke, ulale hapo hapo.

Jumatano, 8 Julai

Unawasha kidogo. Nimemweleza kwamba mwasho ni dalili ya maendeleo.

Alhamisi, 9 Julai

Wekundu umepungua! Shingo imetulia. Kanga mbili na foronya zimepata madoa ya njano yasiyotoka, lakini hakuna ukombozi usio na gharama. Shemeji Mussa, ambaye anauza spea za magari na hujiona mchekeshaji, alimtazama mkewe wakati wa chai: "Juzi nyanya, leo embe bivu. Shemeji, kesho utaniletea tunda gani?" Biashara humfanya mtu aone kila kitu ni bidhaa.

Wapangaji wawili wameomba majani. Nimeanza kuandika kijitabu. Sura ya kwanza: "Ngozi Yetu, Udongo Wetu". Nimeandika kurasa nane kabla sijautaja mmea.

Hamisi hakunyonya vizuri jioni. Meno, nadhani.

Ijumaa, 10 Julai

Si meno.

Tangu alfajiri Hamisi amekataa ziwa. Anasogea kwa hamu, analigusa kwa ulimi, anakunja uso kama mzee anayesikiliza bajeti, kisha anapiga yowe na kugeukia ukuta. Ziwa la kulia. Ziwa la kushoto. Yowe lile lile.

Nakiri kwamba mwanzoni nilijawa na fahari. Huu ni mgomo. Mgomo wa kwanza katika nyumba hii, na mimi si kiongozi wake! Nikampakata, nikamuuliza madai yake. Akanishika pua, akacheka.

Dada amekamua maziwa, tukampa kwa kijiko. Akayanywa yote. Kwa hiyo mgogoro si kati yake na maziwa. Ni kati yake na ziwa. Nimeliandika hilo kwa sababu naona lina uzito wa kifalsafa, ingawa dada hakuuona.

Kijiko hakitoshi. Matiti yamejaa, yamekuwa magumu, yanamuuma. Nimemwongezea mshubiri, kwani mmea huu hutuliza. Sasa ni mara tatu kwa siku.

Jumamosi, 11 Julai

Kliniki. Foleni tangu saa moja. Muuguzi amemkagua Hamisi kinywa, koo, masikio. Mzima kabisa. Akamgeukia dada: "Mama, unajipaka kitu chochote?"

Nikamjibu mimi kabla dada hajafungua mdomo. "Hapana, sista. Tulikuwa tunajipaka, tumeacha." Mmea wa asili si kitu cha kupaka, ni msimamo. Hivyo ndivyo nilivyoamini saa nne asubuhi.

Tumerudi bila jibu. Shemeji Mussa alikuwa mlangoni, na safari hii hakuwa na utani. Ametoa sharti. Kama hadi Jumatatu alasiri mtoto hajanyonya, atanunua maziwa ya kopo, na dada na Hamisi watahamia kwa mama yake Buguruni, kwenye watu wazima wanaojua kulea. "Na wewe, shemeji, utarudi kwa mzee Morogoro ukamhutubie yeye."

Maziwa ya kopo. Kutoka ng'ambo. Katika nyumba ambamo ninalala mimi.

Hata hivyo si hilo lililonichoma. Jioni dada alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameloa kifuani, Hamisi amempa kisogo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu hanitaki." Nilitafuta la kusema. Mimi! Sikupata hata kiunganishi.

Naogopa.

Jumapili, 12 Julai

Naandika huku masikio yakiwaka moto.

Bi Somoe amerudi kutoka arusini akiwa na hina mikononi na habari za pilau. Akakuta kilio. Hakuuliza mengi. Alimkalisha dada kwenye kigoda, akafunua kanga, akapitisha kidole kifuani, akakipeleka ulimini.

Akatema mate hadi karibu na kisima cha uani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaikalia ndoo yenye miche yangu miwili, na miche ikaenda na maji.

"Jamani! Mtoto wa miezi mitano mnamwachisha ziwa? Amewakosea nini?"

Kwao Lindi, mtoto akitimiza miaka miwili naye bado ameng'ang'ania, mama hujipaka shubiri. Siku mbili tatu, basi, mtoto anaaga mwenyewe. Kwao Lindi, na Kilwa, na Rufiji. Na kwetu pia. Dada alinigeukia polepole.

"Mama ndivyo alivyokuachisha wewe. Alinisimulia. Ulimng'ata."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulinipa nafasi ya kusema?"

Chungu kama shubiri. Msemo huo nimeutumia katika hotuba zangu tangu kidato cha tano. Maisha ya mfanyakazi, chungu kama shubiri. Maharage ya bwalo, chungu kama shubiri. Sikuwahi kuonja. Bi Somoe alinipa nionje. Uchungu ulianzia ulimini, ukapanda masikioni, ukashuka tumboni. Nilikunja uso, na Hamisi, aliyekuwa akinitazama, akacheka kwa mara ya kwanza leo. Alikuwa amepata mtu wa kumwelewa.

Machozi ya njano ndiyo yenye uchungu wenyewe, akasema Bi Somoe. "Nilikwambia lilie kwanza. Wewe ukalizuia."

Basi iandikwe. Mgomo ulikuwa wa haki. Madai yalikuwa wazi, yakarudiwa mara kumi kwa siku kwa sauti kubwa. Katika mgogoro huu mimi nilikuwa uongozi. Na kama uongozi wote ninaoujua, nilipoelezwa tatizo niliongeza dozi.

Jumatatu, 13 Julai

Dada ameoga mara tatu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande, dodoki. Bi Somoe ameonja tena na kutoa idhini.

Hamisi hataki. Amelikagua ziwa kwa mbali, akakataa. Hana imani na makubaliano mapya. Simlaumu.

Bi Somoe anasema mtoto anakumbuka akiwa macho, anasahau akiwa anasinzia. Baada ya chakula cha mchana dada alale naye kifua wazi, chumba kiwe kimya, usingizi ufanye kazi yake. "Na wewe, msomi, funga domo."

Nikakaa mlangoni. Saa nane Hamisi alianza kulegea. Kope zikashuka. Mdomo ukasogea. Wakati huo huo muuza kanda wa ng'ambo ya barabara akafungulia taarabu mpaka vioo vikatetemeka. Hamisi akaruka kama aliyeitwa jina.

Nilivuka barabara kandambili zikiwa mikononi. Nilimwomba apunguze. Nilimwomba, mimi, ambaye sijawahi kumwomba mtu apunguze sauti tangu nizaliwe. Akasema, "Dada'ngu, soko huria hili." Nilikuwa na hotuba nzima kwa jibu hilo. Nikaimeza. Nikamweleza habari za mtoto, zote, pamoja na kinu. Alicheka hadi akashika meza. Kisha akasema kesho mchana hatawasha.

Alasiri Shemeji Mussa akaingia na kopo la maziwa limefungwa kwenye gazeti. Bi Somoe akamtazama. "Mussa, kaa chini. Mpaka kesho." Akakaa. Kopo likawa juu ya kabati, bado ndani ya gazeti.

Nilimwambia shemeji kwamba kosa lilikuwa langu, si la dada. Maneno sita. Sijawahi kutoa hotuba fupi hivyo, wala ngumu hivyo.

Jumanne, 14 Julai

Mchana wa joto. Pazia limeshushwa. Dada amelala ubavu, kifua wazi, Hamisi kando yake. Mimi nimesimama kati ya mlango na kitanda nikiwapepea kwa kipepeo cha ukindu. Shemeji yuko sebuleni, amevua viatu. Barabara kimya.

Hamisi alihangaika kidogo, akakunja ngumi, akazikunjua. Kope zikafunga. Dada hakumvuta. Alisubiri.

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na sentensi nzuri. Ikapita.

Akasogea mwenyewe. Akagusa kwa ulimi, akasita. Uso wake ukaanza kukunjamana kisha ukasahau. Ndipo nikasikia akimeza. Kimya. Akameza tena, kwa nguvu, kama mtu aliyefika kutoka mbali. Dada alifunga macho, machozi yakamtiririka hadi sikioni, hakuyafuta kwa sababu mkono ulikuwa chini ya kichwa cha mtoto.

Amenyonya upande mmoja mpaka ukalegea, akageuzwa, akaendelea. Mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi. Mkono wa kipepeo ulichoka. Nzi akatua puani pangu, akatembea mpaka mdomoni.

Nikamwacha.