Vitabu Ulivyoniomba, Ornella

Kassel, 12 Novemba

Mdogo wangu Ornella,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Naomba barua hii ikukute mzima, na Mama na Baba wawe salama, na mvua iwe imewaachia huko Dschang mpate kuanika kahawa. Kwa upande wangu afya si mbaya. Kazi ya maabara inaendelea. Kutwa nzima napima maji ya mito ya watu, jioni narudi chumbani, napasha chakula cha jana, nalala.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Si kazi iliyonichelewesha, na sababu utaiona mwenyewe ukisoma. Nimefurahi kusikia kwamba umefaulu mtihani wa mwisho wa sekondari, na kwamba umeanza Kijerumani kwa Bwana Zebaze, ambaye kumbe hajaacha kupiga ubao kwa rula mtu akikosea. Uliniomba majina ya vitabu, mahali pa kusikiliza lugha inavyosemwa, na hatua za kufuata mtu akitaka kuja kusoma huku. Naanza na hayo, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza, na kwa kuwa ni mepesi kuyaandika.

Vitabu usinunue vingi. Watu hununua vitabu sita wakasoma kurasa kumi za kila kimoja. Tafuta kimoja cha sarufi chenye mazoezi, majibu yawe nyuma, ukimalize hata kikikuchosha. Kamusi iwe ya Kijerumani na Kifaransa mpaka ufike ngazi ya kati, halafu uiweke kando, utumie ya Kijerumani kwa Kijerumani. Kuna redio ya Wajerumani inayosoma habari polepole kila siku, na maandishi yake yapo mtandaoni bila malipo. Sikiliza mara ya kwanza bila maandishi, mara ya pili ukifuatisha kwa kidole, mara ya tatu ukisema pamoja na msomaji, kwa sauti, bila kujali majirani. Mitihani iliyopita nayo inapatikana. Jifungie chumbani, weka saa mbele yako, ujipe muda uleule wa chumba cha mtihani, usijionee huruma. Kwenye sehemu ya kuandika wenzetu wengi huanguka kwa sababu wanaandika Kifaransa kwa maneno ya Kijerumani.

Kuhusu jinsia za nomino, hapo hakuna njia ya mkato. Kata kadi, bluu kwa ya kiume, nyekundu kwa ya kike, kijani kwa ile isiyo ya kiume wala ya kike, kisha zibandike kwenye kila kitu cha nyumbani, toka mlango hadi mwiko. Nadhani unakumbuka tulipofanya hivyo kwenu, ingawa ulikuwa mdogo. Baba yako alirudi siku moja kutoka shambani akasimama mlangoni akauliza, "Hii nyumba imekuwa duka lini? Na mimi mnaniuza bei gani?" Dada yako Mireille akamwendea na kadi ya bluu, akambandika kifuani.

Ornella, hayo yote niliyokuandikia, hakuna hata moja nililobuni mimi. Kadi ni za Mireille. Kusikiliza redio mara tatu ni mbinu ya Mireille. Ile mitihani ya zamani aliitafuta yeye, ukurasa kwa ukurasa, kule chumba cha kompyuta cha chuo kikuu, akaichapa na kuipanga kwenye jalada la kijivu ambalo mpaka leo ninalo mimi, hapa, juu ya kabati. Umeniandikia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekwambia, "Mwandikie Viviane, yeye alifika, yeye ana jalada." Umeandika pia kwamba sasa anakusahihisha akiwa kitandani, na kwamba ukikosea anafumba macho na kusema, "Rudia, bibie, Wajerumani wanalia huko." Nilisoma sentensi hiyo nikaweka barua chini, sikuishika tena kwa siku mbili.

Uliandika kwamba nyumbani mnanihesabu mtoto wa nyumba hiyo, kwamba katika marafiki wote wa dada yako ni mimi tu niliyebaki, niliyetuma dawa za vidonda vya mgongo na lile godoro la hewa, na kwamba wewe ukija huku utafuata nyayo zangu. Siwezi kukutumia majina ya vitabu nikakuacha uamini hivyo. Nitakueleza jinsi mambo yalivyokwenda, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Mimi na Mireille tulianza Kijerumani siku moja, darasa moja, dawati moja. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Ilikuwa hivyo kila muhula. Hakujivuna, na hilo lilinikera zaidi, kwa sababu mtu anayejivuna unaweza kumchukia mchana kweupe. Yeye alikuwa akinisubiri. Nikikwama kwenye zoezi anaweka kalamu chini, anasema, "Tulia, linakuja." Siku matokeo ya mtihani wa ngazi ya kati yalipotoka, tulifaulu wote wawili, lakini yeye kwa alama za juu, mimi kwa kupita mlangoni kiubavu. Bwana Zebaze alicheka mbele ya darasa zima akasema, "Viviane, we mshukuru huyu mwenzio. Mireille atakubeba mgongoni mpaka Ujerumani, kama mama anavyobeba kitoto." Darasa likacheka. Mireille pia alicheka, kidogo. Mimi nilicheka kuliko wote, na maneno yale yakanikaa hapa kooni mwaka mzima.

Tulituma maombi pamoja, yeye chuo kimoja, mimi kingine, tukakubaliwa wote. Ikabaki miadi ya viza ubalozini kule Yaoundé. Tulijiandikisha foleni siku moja. Baada ya hapo mtu anasubiri barua pepe ya kumpangia tarehe, na ikija anatakiwa athibitishe ndani ya siku tatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Hapo ndipo bibi yenu alipofariki kule Fongo-Tongo, mkaenda wote kwenye msiba. Unakumbuka simu ya Mireille ilikuwa imeharibika kwa maji, na kule mlikokuwa mtandao haukufika. Kabla ya kuondoka alinipa neno lake la siri, akafungua barua pepe yake kwenye simu yangu. Aliniambia niangalie kwa ajili yetu wote wawili, kwamba ikija yake nimthibitishie palepale, naye atakuwa akishuka barabarani kila siku mchana kunipigia kwa simu ya kuazima.

Barua yake ilikuja Jumanne. Nilikuwa nimeketi kwa mama muuza maandazi na maharage, mikono imejaa mafuta, simu ikalia. Nikaifungua kwa ncha ya kidole. Jina lake kamili, tarehe, saa, orodha ya karatasi za kubeba. Nikaingia kwenye yangu. Hakuna kitu. Nikarudi kwenye yake, nikaisoma tena. Kuthibitisha ilikuwa ni kubonyeza mahali pamoja tu, Ornella. Sikubonyeza. Nilijiambia ngoja kwanza nile, nikanawe mikono.

Saa saba akapiga. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu, nikasikia pikipiki zikipita. Akauliza kama alivyouliza kila siku, "Haya, posta imeamkaje?" Nikamwambia, "Kimya." Akasema, "Basi tuvumilie, itakuja ya pamoja." Akaniuliza kama nimekula. Akaniambia Mama amechoka kulia, na kwamba wewe umeng'ang'ania kulala kwenye kitanda cha marehemu.

Jumatano akapiga, nikasema kimya. Alhamisi akapiga, nikasema kimya. Usidhani nilipitiwa au nilichanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu timamu. Kila nilipotaka kusema niliona mgongo wake na mimi nimefungwa kwa kitenge kama kitoto, na nilitaka, japo mara moja, nitangulie mimi. Nilijiambia atapangiwa tarehe nyingine mwezi ujao, tofauti itakuwa wiki chache. Ijumaa asubuhi muda ulikuwa umekwisha. Nikaifuta barua, kisha nikaenda kwenye takataka za barua nikaifuta na huko, asije akaiona.

Yangu ilikuja siku tisa baadaye. Mireille alikuwa amerudi. Alinikumbatia akanizungusha uani mpaka viatu vikanitoka. Ndiye aliyenipigia pasi shati. Ndiye aliyekaa nami siku nne akijifanya afisa wa ubalozi, ananiuliza kwa nini chuo hiki, kwa nini mji huu, utarudi lini kwenu. Siku ya safari alinipa jalada la kijivu akasema yeye ameshalikariri. Nililipokea. Nilipanda basi nikiwa nimelipakata, sikumwangalia dirishani.

Tarehe yake nyingine haikuja. Muhula ukaanza, nafasi yake chuoni ikapotea. Mwaka uliofuata aliomba tena wakamkatalia. Baba yako, ambaye alikuwa akimtetea kwa kila mtu, akaanza kumwambia kwamba mwenzake alifika kwa sababu alikuwa makini, na kwamba yeye akili anazo ila bahati ameitupa. Mireille aliniandikia hayo kama kichekesho. Aliniuliza ikiwa kuna kosa alilolifanya kwenye maombi, nimwangalizie. Nilimjibu kwamba sioni kosa.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa kuwa uliyaona. Alikuja yule wakala na kazi ya kufundisha watoto lugha katika nchi za Ghuba, alipofika kule akakuta ni kufua na kusugua sakafu, pasipoti imechukuliwa, mlango umefungwa kwa nje. Unajua alivyojaribu kushuka kwa mashuka kutoka ghorofa ya tatu, akaanguka. Ulikuwepo uwanja wa ndege wa Douala alipoletwa kwenye machela. Mimi sikuwepo. Nilituma dawa. Kwa miaka minne nimekuwa nikituma dawa, na Mama amekuwa akiniombea dua kwa jina langu, na mimi nimekuwa nikisikiliza jumbe zake za sauti kwenye simu nikizizima kabla hazijafika katikati.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mireille hakunyimwa miadi, wala hakuzembea. Alichaguliwa kabla yangu, kama kila mara, na mimi ndiye niliyeificha barua yake.

Sasa nikujibu lile la tatu uliloliuliza, la hatua za kufuata, kwa sababu bado nataka ufike. Barua pepe yako ifungue mwenyewe, neno la siri usimpe mtu, awe rafiki, awe mchumba, awe mimi. Ukiambiwa usubiri, uende ukaangalie kwa macho yako, hata ukiwa msibani, hata kama ni kutembea mpaka mlimani kutafuta mtandao. Vyeti vyako tafsiri mapema, na nakala halisi usizipe ofisi yoyote ikakaa nazo. Mengine Mireille anayajua. Jalada ni lake, linarudi kwake.

Najua si haki kukutwika wewe jambo hili. Una miaka kumi na tisa na ulichoomba ni vitabu. Lakini nimejaribu kumwandikia yeye mara nyingi, na kila mara nimeishia kuandika habari za hali ya hewa. Nimeona kwamba nikishaliweka mikononi mwa mtu mmoja wa nyumba yenu, sitakuwa tena na njia ya kurudi nyuma. Naogopa, na nimeshindwa kujiamini, ndiyo maana nimekushikisha wewe.

Usimsomee. Hilo nakuomba. Sitaki alisikie kwa sauti ya mtu mwingine huku mimi niko mbali nimeketi penye joto. Nimeomba likizo na tiketi ninayo. Nitafika Dschang Jumamosi ya tarehe 16 Desemba, kwa basi la asubuhi kutoka Douala. Nitatoka kituoni kwa miguu mpaka kwenu, nitaingia chumbani kwake, nitakaa chini, nitamwambia mbele ya Baba, ili Baba naye ajue ni nani aliyestahili kulaumiwa. Akinifukuza nitaondoka. Mama akinitukana nitamsikiliza mpaka amalize. Na wewe usije kunipokea, Ornella, hata kama moyo utakutuma. Sitaki mtu anibebee mzigo siku hiyo.

Kama utaona huwezi kukaa na siri hii wiki tano, sitakulaumu. Sema. Nitakuja vilevile.

Nisalimie Baba na Mama, na Bwana Zebaze ukimwona darasani. Mireille usimpe salamu zangu.

Mimi,
Viviane Kenfack