GPS Isiyoona Dhahabu

Kaka Mugisho,

Nimekaa kibarazani kwa mama, hapa Kadutu mjini Bukavu, na magoti yangu bado yana matope ya Mwenga. Nimeyasugua, hayatoki. Ungekuwepo ungecheka, halafu ungesema lile neno lako: "Telefone iko ya kusemea, haiko ya kutembelea." Lisubiri kidogo. Nina watu wa kuwadharau kabla sijafika kwako, na wewe mwenyewe umo kwenye foleni.

Wa kwanza ni papa mukubwa. Matanga yalipoisha, ukoo uliketi sebuleni kugawana vitu vyako, na yeye kama kaka mkubwa wa baba akapewa kuchagua mwanzo. Alipita makoti yako, akapita redio, akaenda moja kwa moja kwenye ile GPS uliyokuwa ukiifunga kwenye usukani wa pikipiki. Mtu ambaye hajawahi kupanda hata baiskeli. Mama akamuuliza anaitakia nini. Akajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na jirani: "Hii inaonaka zahabu." Picha yako ilikuwa ukutani, ikabidi nimeze kicheko. Unajua alivyofika hapo. Kule Luhwindja wageni wa kutafuta madini hutembea milimani na vifaa vya namna ile, na baadaye panachimbwa. Papa mukubwa akajumlisha akapata utajiri. Wewe ulizunguka na mashine hiyo Kamituga yote na ukafa ukiwa mpangaji, lakini hilo halikumsumbua kichwa.

Kisha akasema pikipiki iuzwe. Nikasema ulinifundisha mwenyewe kuiendesha, nitaifanyia kazi. Akasema, "Mwanamuke anapoteaka hata mu soko." Mama ndiye aliyekata maneno: "Furaha apeleke samaki ya sambaza ku Kamituga. Kama anarudisha pikipiki muzima, inabakia yake. Kama hapana, mutaiuzisha." Basi. Pikipiki yako, na riziki yangu, na ya mama pia, vyote vikawekwa juu ya safari moja ya njia nisiyoijua.

Sikuogopa, nikwambie kweli. Nilikuwa na simu. Unakumbuka tulivyobishana pale ulipokuwa ukingojea abiria, wewe unakunywa chai na mandazi huku ukiandika jina la njia uliyopita kwenye GPS, herufi moja, kitufe, herufi nyingine, kitufe, mpaka chai inapoa? Nilikuwa nakuambia mbuzi angeshafika Kamituga kabla hujamaliza kuliandika. Nikakuonyesha simu yangu, ina ramani, ina muziki, ina tochi, inasema hata na sauti. Nawe ukasema, "Ile inasikiaka watu wote. Hii inanisikiaka mimi tu." Nikaona ni maneno ya mtu mkaidi. Mpaka leo naona ulikuwa mkaidi.

Nilifunga magunia ya sambaza kavu, visamaki vyetu vya ziwani, nikayafunika turubai. Simu nikaivika mfuko wa plastiki na kuikaza usukanini kwa ukanda wa mpira wa tairi, kama wanavyofanya vijana wote wa hapa wanaojiona wajanja. Mpaka Walungu simu ilikuwa malkia. Baada ya hapo jua likatoka, na kioo kikawa cheusi, nikawa naona uso wangu tu. Kisha mvua ikaja. Kaka, hujawahi kuona upumbavu kama wa simu chini ya mvua. Kila tone linadhani ni kidole. Ramani ilikuzwa, ikapunguzwa, ikageuzwa, mwisho nikaonyeshwa bahari yenye samaki wasiokuwa sambaza. Mtikisiko wa mashimo ulikuwa umekwisha kuua kamera. Nikafika njia panda mbele ya Burhale, nikasimama, nikafuta kioo, ramani ikarudi, na ndipo ilipoanza kulia. Jina la papa mukubwa likajaa kioo chote, njia panda ikafichwa nyuma yake. Navua glovu, nabonyeza kukata, vidole vimelowa, haikatiki. Nyuma yangu lori linapiga honi. Nikaingia kushoto.

Kushoto kulikuwa Luhwindja. Na nani nilimkuta Luhwindja? Umekwisha kumjua. Alikuwa ananipigia kuniuliza dhahabu "inawashwa" kwa kitufe gani.

Nilimkuta ndani ya shamba la maharagwe la mama mmoja mzee, amekunja suruali, ana koleo mkononi. Alikuwa amewaambia wachimbaji wa pale kwamba mshale wa mashine ukisimama, hapo ndipo. Mshale ulikuwa unaonyesha kaskazini tu, kama unavyofanya siku zote, lakini waliufuata milimani, na uliposimama walichimba. Walipata mzizi. Wale vijana wakaondoka zao wakimcheka, na mwenye shamba akakaa juu ya jiwe akimsimamia afukie shimo. Nilipojitambulisha akaniuliza, "Ni muzee wako? Atafukia kwanza." Nikamwambia asiwe na haraka naye. Papa mukubwa alinipa GPS bila kuniangalia. "Beba. Haina kitu." Debe tupu haliachi kuvuma, lakini siku hiyo lilinyamaza.

Niliifunga usukanini mahali pake pa zamani, nikaiwasha, nikaidharau mara moja. Uliinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na ndani yake mzungu huyo aliacha barabara za kwao zote, na za kwetu hakuna. Mwenga yote ilikuwa nyeupe. Hakuna mji, hakuna mto, hakuna jina. Nilitaka kuitupa kwenye shimo la papa mukubwa afukie vyote pamoja.

Kisha nikaona mistari. Mistari myembamba ya buluu juu ya weupe ule, ikishuka kutoka Luhwindja mpaka barabara kubwa, ikipita Mwenga, ikifika Kamituga. Hakuna aliyeiweka isipokuwa wewe. Kila mahali ulipopita, mashine iliandika. Nilisimama na glovu mikononi, mvua inanipiga, nikalia kwa sauti. Sitakuficha. Nililia, halafu nikabonyeza kitufe na glovu yangu ikiwa imelowa, na kikaitika.

Nilikufuata. Uliposhuka nilishuka. Kulikuwa na mahali ambapo barabara inaonekana nzuri kabisa mbele, na mstari wako unaiacha unaingia chini ya migomba; nikakutukana, nikaingia chini ya migomba, na kwa upande nikaona lori limezama mpaka milango, wenyewe wamekaa juu wanapika. Mvua ilinyesha na kioo hakikubadilika. Hakuna aliyenipigia. Nilifika Kamituga na sambaza kavu, nikarudi kwa mistari ile ile, na Luhwindja nikampakia papa mukubwa. Alinishika kiuno kwa mikono miwili mpaka Bukavu, macho amefumba. Mwanamke anapotea hata sokoni, lakini yeye hakuomba ashushwe.

Mama alizunguka pikipiki, akagusa taa, akagusa vioo. Akasema, "Inabakia kwa Furaha." Papa mukubwa alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kuuza.

Sasa zamu yako.

Leo mashine imeandika kwa Kifaransa kwamba kumbukumbu yake imejaa, nifute njia za zamani, la sivyo haitaandika nyingine. Simu haisumbui mtu hivyo, nakukumbusha. Nikakaa kuitazama mistari mmoja mmoja, nitafute usio na maana. Hapa mjini nikaona mmoja mfupi sana. Unatoka mlangoni kwetu, unashuka, unapanda, unaishia hospitali.

Kaka, una akili wewe? Ulikuwa unatetemeka kwa homa, na simu ilikuwa mfukoni mwako. Nilikuwa sokoni, ungenipigia tu. Lakini simu si ya kutembelea, na wewe si wa kupelekwa na mtu. Ukapanda pikipiki peke yako, na kabla ya kuondoka ukawasha GPS kwa njia ambayo tumeitembea tangu utoto. Nani hufanya hivyo? Nimekasirika na wewe tangu siku ile, nikapika matanga nimekasirika, nikapokea pole za watu nimekasirika. Nilidhani hasira itaisha. Haijaisha, na nimechoka nayo.

Mistari yako yote mingine ni miwili miwili, ya kwenda na ya kurudi, imekaribiana mpaka inagusana. Huo ni mmoja, wa kwenda tu; hukutoka tena. Mimi ndiye niliyeirudisha pikipiki nyumbani jioni ile, na mashine nikaiacha imezimwa, kwa sababu nilikuwa naidharau.

Nimefuta mizunguko ya papa mukubwa Luhwindja. Ilikuwa imejaa mlima mzima, kama kuku anayeparura. Nafasi imepatikana, na imetosha.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Simu nitaendelea kuibeba, kwa sababu barabara zitahama na madaraja yatavunjika baada yako, na mama lazima apate kunipigia. Mistari yako sitaifuta hata mmoja. Na kesho asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, nitakwenda na pikipiki mpaka lango la hospitali, nitaiwasha GPS pale pale uliposimama, na nitakuja nayo polepole mpaka mlangoni kwa mama.

Pumzika, kaka yangu. Nakuja kukuchukua.

Furaha