Waya wa Makopo

Jumatatu, 6 Mei

Sijawahi kumwambia mtu: zamu yangu ya kuamia ndege, huwa nasoma. Kamba ya kutikisa waya wa makopo naifunga mguuni. Kila nikigeuza ukurasa navuta mguu, waya unatikisika, makopo yanalia juu ya mpunga. Tata, baba yangu, anayasikia kutoka kwenye migomba na kuridhika. Leo kwelea wametua kama moshi. Nimevuta mara tatu, nikarudi kwenye riwaya.

Jumatano, 8 Mei

Mwenyekiti wa kitongoji kapita na kipaza sauti. Ijumaa jioni helikopta itanyunyiza dawa ya kwelea bondeni. Nyaya zote za kutishia ndege zitolewe. Rubani atapita chini sana, hawezi kuziona.

Tata kanipa koleo. "Kesho ukitoka shule ukate wa kwetu, pande zote mbili. Usiniangushe."

Alhamisi, 9 Mei

Waya wetu uko juu, wabeba nyasi wapite chini. Umefungwa kwenye mikaratusi miwili. Mmoja uko mpakani na jirani yetu, Ta Kamugisha. Naye alifunga wake hapohapo. Wake kautoa tayari.

Nilitoa makopo kwa ufito mrefu. Kukata kulitaka kupanda, na shina lilikuwa na siafu. Zilibaki kurasa arobaini za riwaya. Nikakaa chini.

Nyumbani Tata kauliza. Nimesema nimekata. Kaona makopo mkononi, kaniamini. Nitakwenda asubuhi.

Bila makopo hata mimi siuoni waya.

Ijumaa, 10 Mei

Sikwenda. Nilichelewa kuamka, kulikuwa na jaribio la Jiografia. Baada ya shule nilikimbia. Mgambo walikuwa wamefunga njia ya bondeni. Ningeweza kusema. Watu walikuwa wengi. Nikawafuata kilimani.

Tulitazama kutoka kilimani. Helikopta ilipita mara mbili, dawa ikitoka kama ukungu. Watoto wakashangilia. Mara ya tatu ilijipinda. Mlio kama wa bati linalochanwa. Ikaanguka kwenye mpunga wetu.

Wanaume walikatazwa kusogea kwa sababu ya dawa. Walikwenda hivyohivyo, Tata mbele. Rubani ametolewa hai. Mguu wake ulitazama nyuma.

Jumamosi, 11 Mei

Wachunguzi wamekuja kutoka Bukoba. Wameukuta waya umejiviringisha kwenye mapanga ya helikopta. Kipande kimebaki kwenye mkaratusi wa mpakani tu; upande wa pili umechomoka wote. Wote wanasema ni wa Ta Kamugisha, maana wetu ulikatwa. Nani alisema ulikatwa? Mimi.

Kisimani wanawake walicheka.

"Kamugisha mbishi tangu zamani!"

"Akafungwe, akaonje chakula kisicho na ndizi."

Jioni Ta Kamugisha kaja kwetu, kofia mkononi. "Waitu, ndugu yangu, waya wangu niliukata Jumatano. Uko nyuma ya nyumba, njoo uuone."

Tata kamjibu: "Mwanangu hasemi uongo."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Najichukia.

Jumapili, 12 Mei

Padre kamwombea rubani. Kafanyiwa upasuaji, bado haijulikani kama atatembea. Ta Kamugisha alikaa benchi zima peke yake. Kesho anatakiwa polisi.

Nimefungua kitabu mara nne. Sijui nilichosoma.

Jumatatu, 13 Mei

Sikwenda shule. Nilimfuata Tata kwenye migomba, nikamwambia yote. Siafu, kurasa, makopo. Hakunipiga. Alifuta panga lake kwa jani, muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akavaa shati la kanisani.

Tulianza kwa Ta Kamugisha. Nilipiga magoti kama ninavyomsalimu siku zote, nikasema. Alichukua kofia yake. Halafu akasema, "Inuka, tutachelewa."

Tulikwenda kituoni watatu. Niliweka koleo mezani. Askari aliandika jina langu, shule, kidato cha tatu. Akauliza kwa nini sikuukata. Nikasema nilikuwa nasoma.

Akauliza kitabu gani. Nikamtajia. Akakiandika pia.