Kupanda Kaya kwa Miguu Mitupu

Mjukuu wangu Mwanasha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sote hapa Mkongani hatujambo, alhamdulillahi. Nyanya yako amevuna mihogo.

Umesema watu hupanda mlima kuja kutazama nyumba za kale za hicho kijiji cha Italia unakosoma, na wenzako walipokuuliza kama kwenu kuna mji kama huo, ulinyamaza.

Usinyamaze. Nikiwa kijana nilimpandisha mgeni mmoja kutoka Diani hadi kwenye kaya yetu, mji wa kwanza wa wazee wetu, juu ya kilima. Langoni akacheka.

"Mji uko wapi? Naona msitu tu!"

"Vua viatu, bwana," mjomba wangu, mlinzi wa kaya, akamwambia. "Humu hatuingii na viatu."

"Na miiba je?"

"Wazee wameshaikanyaga yote."

Akavua huku akinung'unika. Baada ya hatua chache akasimama, akainama, akaipapasa njia kwa kiganja. Ilikuwa imelainika kama sakafu na kubonyea katikati kwa kukanyagwa na vizazi.

"Walikuwa wengi," akasema polepole.

Waalike wenzako, mama. Viatu vyao nitawashikia mimi langoni.

Babu yako