Busaa Niliyokuambia Unywe

Kambi ya kahawa, Ruiru

Mpendwa mdogo wangu Nekesa,

Pokea salamu zangu nyingi, na za shemeji yako ambaye sasa hivi anakata kuni hapo nje. Mungu ametuchunga, ila kifua changu husumbua asubuhi kwa baridi ya huku. Je, wewe na mimba yako ya miezi minne? Barua yako niliisoma mara tatu, nikapiga magoti, maana baada ya zile mbili zilizotoka tulikuwa tumeanza kuogopa hata kuomba.

Uliandika kwamba unafuata neno nililokupa Krismasi: kikombe cha busaa asubuhi na kingine jioni, upate damu. Nekesa, acha. Acha leo, kisha endelea kusoma nikueleze.

Unajua kazi yangu hapa ni kuangalia watoto wa wachumaji, mama zao wakiwa kwenye mibuni. Tangu serikali itangaze Dharura kwa sababu ya vita vya msituni, wenyeji wengi walihamishwa, na kambi ikajaa watu wa kwetu. Mmoja ni Naliaka, mke wa dereva wa trekta, ambaye hupika busaa na kuuza. Alipokuwa na mimba ya binti yake Nasimiyu alikuwa akitapika sana, nikamwambia anywe busaa, ni chakula, ni kama uji tu. Nilisema padre anakataza ulevi, hakatazi chakula. Basi akanywa. Tena unajua desturi yetu, mwenye kuuza huonja kwanza mbele ya mnunuzi, aonyeshe haina sumu. Wakija wanunuzi ishirini anaonja mara ishirini. Ungemwuliza jioni angekuambia hajanywa kitu.

Nasimiyu sasa ana miaka sita na kimo chake ni cha mtoto wa mitatu. Macho yake ni madogo, na hapa chini ya pua, pale penye kijifereji, kwake ni bapa. Kaka yake, aliyezaliwa kabla mama yao hajaanza kupika busaa, yuko darasa la pili na anasoma vizuri. Huyu nikimtuma alete kata ya kuchotea maji, anafika kwenye pipa la maji, anasimama, ananitazama. "Nilitumwa nini, mama?" Mimi nilidhani ni jeuri. Nilimchapa viganja, si mara moja, na hilo nimeliungama.

Mwezi uliopita mwalimu alimkataa shuleni, kwa hiyo Naliaka akaniomba nimsindikize zahanati huko Thika. Kuna mkunga mmoja mtu mzima, mkazi wa Kamenu. Alimshika mtoto kichwa, akauliza habari za homa, kuanguka, uzazi mgumu. Yote hapana. Mwisho akauliza kama mama alikuwa akinywa pombe. Naliaka akacheka.

"Pombe hapana, sista. Busaa tu."

Yule mkunga akaweka kalamu chini. Alisema hakuna daktari aliyemfundisha neno hili, na wengine wangemcheka, lakini amezalisha wanawake wa Thika miaka mingi, na watoto wa wapika pombe siku hizi huwajua kwa sura. "Ulipokuwa ukionja," akamwambia, "naye alikuwa akionja." Kisha akauliza ni nani alimwambia busaa ni chakula.

Naliaka alinitazama. Akasema, "Ni watu tu."

Niliweza tu kuuliza habari ya mtu mwenye miezi minne, bila kutaja jina, barua yako ikiwa mfukoni mwangu. Mkunga alisema aache siku hiyo hiyo, asihesabu vikombe alivyokwisha kunywa, kila siku ya kuacha humfaa mtoto. Kwa Nasimiyu alisema tatizo hilo halitaondoka. Asipigwe, atumwe jambo moja kwa neno moja.

Tulipokaa stesheni kungoja treni nilimwuliza Naliaka kwa nini hakunitaja.

"Ningekutaja ingenisaidia nini?" akasema. "Wewe ndiye unayeshinda na mtoto."

Siku hizi namshika Nasimiyu mkono, tunakwenda mpaka kwenye pipa tukisema kata, kata, kata. Jana alikwenda peke yake akarudi nayo ina maji, akacheka mpaka akayamwaga.

Sijui kama yule mkunga anajua yote. Lakini sitaki mtoto wako ndiye atuonyeshe. Mama mkwe wako atasema yeye alikunywa na akazaa tisa. Usibishane naye, ni mtu mzima. Msomee barua hii, umwambie mimi ndimi niliyekosea. Kunywa maziwa, na uji wa wimbi usiochacha. Na kwenye arusi ukipewa mrija wa kunywea busaa, mpe jirani yako. Hata kuonja usionje.

Nisalimie shemeji yangu, baba wa huyo mtoto. Mama mkwe kwa heshima. Shangazi yetu mwenye mguu unaouma. Na katekista anayeniombea.

Ukiniandikia usianze kwa salamu. Anza kwa hilo moja, umeacha au hujaacha, salamu zifuate.

Ni mimi dada yako,
Rasoa