Lori la Jeshi Limefika Mkokotoni

Malindi, Unguja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa jikoni karibu na moto, maana najua baridi ya Mafinga mwezi huu haina huruma, na goti lako nalo halijui kunyamaza. Linaendeleaje? Yale mafuta ya karafuu niliyokutumia unayapaka, au Mama ameyafanya yake? Mimi ni mzima. Jua la huku limenifanya mweusi kukupita wewe, na nimenenepa kwa urojo wa Forodhani, kwa hiyo Mama aache kulia kwamba sili.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe husema "haya, haya" halafu unampa Mama, na hili nataka ulisikie mwenyewe mpaka mwisho. Shemeji anayekuletea barua atakusomea macho yakichoka. Nimemwambia asiruke kitu.

Unakumbuka makubaliano yetu pale stendi. Ulisema kama mahindi yatavunwa nikiwa bado sijakabidhiwa gari kubwa, nirudi nikakae dukani kwa Baba Mdogo, niuze sabuni na viberiti kama watu wenye akili. Sikubisha. Tangu nifike hapa nimekuwa nikiendesha tipa la kokoto kupeleka Fumba, kunakojengwa nyumba mpya, na tela kubwa la tajiri wangu, Bwana Salum, nilikuwa naliosha tu. Na mahindi, nasikia, yameanza kukauka shambani.

Basi wiki iliyopita dereva wa tela akaacha kazi, akaenda zake Dar es Salaam. Siku hiyohiyo meli ikashusha bandarini lori kuukuu la jeshi, mzigo wa Bwana Vuai, fundi wa boti wa Mkokotoni, aliyelinunua mnadani huko Bara. Ungeliona ungecheka. Walishalivua kila kitu: injini hakuna, kichwa hakuna, bodi hakuna, hata kiti hakuna. Imebaki chesisi, matairi sita manene, usukani uliosimama peke yake, na winchi mbele. Winchi hiyo ndiyo aliyoitaka Vuai, aifungie injini ya boti, avutie vyombo vizito kutoka majini mpaka karakanani kwake. Na hata likiwa uchi namna ile, lilipowekwa juu ya tela, tela lilibonyea likaguna.

Bwana Salum akaniita kando. "Neema, nshamwita dereva mwengine kutoka Bara, lakini Vuai hataki kungoja. Ukilifikisha zima, tela lako. Likikuangukia njiani, mie na wewe basi."

Nilikubali.

Nililifunga kama ulivyonifundisha kufunga magogo: mnyororo unapita juu, unakazwa mpaka chuma kinalia, halafu unakazwa tena. Makame, utingo wangu, mtu wa Tumbatu anayenitania tangu asubuhi hadi jioni, alisimama akanitazama. "Bi Neema," akasema, "wafunga au wanyonga?"

Tulitoka bandarini baada ya sala ya alfajiri, kabla Darajani haijajaa watu, trafiki akitutangulia na pikipiki yake. Bububu tukapita salama. Tulipokaribia Mahonda nikasikia vishindo nyuma, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Nikasimama. Minyororo ilikuwa inaning'inia, na lori limehama upande hadi tairi moja liko ukingoni mwa tela. Lingesogea kidogo tena lingekuwa mtaroni, na mimi ningekuwa njiani kurudi kuuza sabuni.

Nikakaa kando ya barabara nikalitazama. Kosa lenyewe lilikuwa la mtoto wa Mafinga. Gogo halina springi, Baba. Ukilikaza limekaa. Lakini lile lori lilikuwa juu ya springi zake, na kila penye tuta lilibonyea na kuinuka, na kila lilipobonyea minyororo ilipata nafasi ya kulegea. Nilikuwa nimelifunga mgongo nikaiacha miguu huru. Tukalirudisha katikati kwa jeki na kwa maneno nisiyoweza kumwandikia baba yangu, kisha nikalifunga upya kwenye ekseli, karibu na magurudumu, mgongo nikauacha ucheze utakavyo. Makame akapanda juu akarukaruka kwa uzito wake wote. Lori likabonyea na kuinuka, minyororo ikatulia tuli. Kutoka hapo, kupita Donge hadi Mkokotoni, niliendesha huku naimba nyimbo zetu za kwaya, na Makame akawa anaitikia asichokijua.

Kumbe kazi ilikuwa mbele. Kreni ya kulishusha ilikuwa imeharibika mjini. Tulimkuta Bwana Vuai ufukweni na kundi la wanaume, kamba nene na vigogo vya minazi. "Kreni haiji," akasema, "lakini sie hapa twashusha vyombo vizito kuliko hilo. Wewe kaa juu ushike usukani."

Nikamuuliza habari ya breki, maana lori lisilo na injini halina upepo wa kushika breki.

"Kamba ya nyuma ndo breki," akanijibu.

Alimaanisha kwamba kundi moja litavuta mbele na jingine litazuia nyuma. Wakaegemeza vigogo kwenye mkia wa tela vikawa mteremko, nami nikapanda, nikakalia kreti ya soda, nikashika usukani. Mwanamume mmoja mwembamba mwenye sauti nene akaanza kuwaimbisha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wale wamevuta vyombo pamoja tangu utotoni, na wimbo ukianza kila mkono unajua kazi moja tu, kwenda mbele. Kundi la nyuma liliposikia wimbo lilisahau kuzuia, likaachia kamba likaanza kusukuma. Lori likachomoka na mimi juu yake, bahari ikanijia mzimamzima. Nikakata usukani mpaka mwisho, matairi ya mbele yakabana kwenye vigogo, likasimama nusu juu ya tela, nusu chini.

Wanaume wakatazamana, wakaanza kuchekana wenyewe. Mimi sikucheka. Nilisimama juu ya kreti nikawaambia, "Jamani, wa mbele nyamazeni. Leo waimbe wa nyuma."

Makame alinielewa kabla ya wengine. Akakimbilia kamba ya nyuma, akapaza sauti: "Legeza." Wenzake wakaitikia: "Kidogo." Na kila walipotamka kidogo, waliachia kamba kidogo. Legeza. Kidogo. Legeza. Kidogo. Lori zima la jeshi likashuka taratibu kama bibi harusi, nami nikaunyoosha usukani mpaka tairi la mwisho likakanyaga mchanga. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakapiga vigelegele. Bwana Vuai akaniambia, "Nahodha, shuka ule." Nilikula wali na pweza mpaka nikaona haya.

Bwana Salum alikuwa ametukuta ufukweni na gari lake dogo, akaangalia yote hayo kutoka pembeni. Nilipomaliza kula akaenda kwenye tela, akatoa lile dodoki langu la kuoshea, akamrushia Makame. "Neema tumtafutie mwoshaji," akasema. Makame amelalamika wiki nzima, nami nimefurahi wiki nzima.

Nisalimie Mama, na mwambie kitenge chake kiko kwa Shemeji. Nisalimie Dada na wanawe, na Bibi, na mchungaji aliyeniombea safari. Baba Mdogo umsalimie kwa heshima, umshukuru, umwambie dukani aweke mtu mwingine.

Nawe Baba, sikulaumu hata siku moja kwa yale makubaliano. Ulishika kamba ya nyuma kwa sababu ulijua sina breki, ukaogopa nitafika chini vipande. Nimefika chini mzima, na watu wamepiga vigelegele. Sasa legeza, Baba. Kidogo tu.

Ni mimi binti yako, dereva wa tela,

Neema