Boti Ilikuwepo

Butimba, Mwanza
14 Septemba 1995

Ndugu yangu Yassin,

Salamu nyingi zikufikie huko Kahama. Natumaini kifua chako kimepata nafuu na vumbi la machimbo halijakurudisha kitandani. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mke wangu Winnie anakupa pole tena. Bado anauza vitumbua stendi ya Buzuruga. Mama yako nilimwona Jumapili kule Kisesa. Anakula kidogo, ila usingizi anaupata.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa fupi. Nilikueleza kwamba dada yako Mwaija alifariki kwa uzazi tarehe 26 Agosti, yeye na mtoto, kwa kuwa siku ile kisiwani hakukuwa na boti ya kumpeleka hospitali. Ukanijibu kwa shukrani nyingi. Shukrani zako zimenishinda kuzibeba, ndiyo maana naandika tena.

Unajua nilivyohangaika tangu tulipopunguzwa kazi kiwandani. Mwaka na miezi minane nilikaa bure, hadi Machi nilipochukuliwa na bwana mmoja aliyefungua kampuni ya kutembeza watalii, kwa sababu ya Kiingereza changu cha sekondari. Safari zenyewe ni za siku mbili. Tunawavusha wageni hadi visiwa vya kaskazini, kupita Ukara, wanaona kuta za mawe za watu wa kale, michoro myekundu mwambani na makaburi ya watawala wa zamani, kisha tunawarudisha. Bosi alikuwa na sharti moja, kwamba wageni wasisumbuliwe na shida za wenyeji. Aliyenitangulia alimpakia mgonjwa wa kuhara, akafukuzwa wiki ile ile.

Uliposikia kwamba nitafika kisiwa alichoolewa Mwaija, ulinituma nimsalimie na nimtazame hali, maana alikuwa mjamzito. Nikaahidi.

Nilikuwa na wazee wawili wa Kizungu, mume na mke. Tulilala Nansio, na saa tatu asubuhi tukafika mwaloni pale kisiwani, boti zinapoegeshwa. Shemeji yako Abeid na wavuvi wenzake walikuwa ziwani na mitumbwi yote. Kabla hatujaanza kupanda mlima, mama mmoja mzee aliteremka mbio kutoka kwenye nyumba za juu. Ni Bernadeta, mkunga wa pale. Alinieleza kwamba kuna mwanamke anayehangaika na uchungu tangu jana yake, damu inamtoka, na kwa boti yetu ya mashine angefika hospitali ya Nansio kabla ya jua la utosi.

Yule bibi mgeni akaniuliza mama anasema nini.

Nikamwambia, "Anawakaribisha, na anawatakia matembezi mema."

Bibi akatabasamu, akampa mkono. Bernadeta akaushika kwa mikono yake miwili, akidhani wamekubali. Nikamwambia chini chini kwamba tutampakia mgonjwa wakati wa kurudi.

Tukapanda. Niliwaeleza wageni jinsi kuta zilivyojengwa bila udongo wala saruji. Mzee akazipima kwa futi kamba, akaandika kwenye daftari. Kwenye makaburi waliomba kupumzika, nami nikawaacha wapumzike.

Tulirudi saa nane. Vilio tulivisikia tukiwa bado kwenye mawe. Nilipouliza msiba ni wa nani, nikatajiwa Mwaija.

Bernadeta hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba asubuhi ile Mwaija alikuwa bado anazungumza. Alipoambiwa kuna boti ya watalii, aliuliza kiongozi wao anaitwa nani, maana wewe kaka yake ulimwandikia kwamba Elias atapita. Bernadeta hakuwa ameniuliza jina.

Nami sikuuliza la mgonjwa. Hapo ndipo penye kosa langu, Yassin, na sitaki ulitafutie udhuru. Nilijua ni kisiwa cha Mwaija, nilijua ana mimba. Sikuuliza kwa sababu niliogopa kutajiwa jina lake, kwa kuwa nikitajiwa ingenibidi kuwarudisha wageni. Boti ilikuwepo. Ilikuwa na mafuta ya kutosha, na mimi ndiye niliyeizuia.

Tukiwa majini bibi aliniuliza tena yule mama alikuwa amesema nini. Safari hii nilimwambia kweli. Akasema, "Mawe yale yangetusubiri." Hakunisemesha tena hadi Mwanza. Jumatatu yake niliacha kazi. Bosi alishangaa, kwa maana yeye aliona sikukosea kitu.

Abeid nimemwandikia barua kama hii. Aliyebaki ni mama yako. Jumapili ile nilikwenda Kisesa nikiwa nimekusudia kumwambia. Alinitandikia mkeka, akaninawisha mikono mwenyewe, akashukuru Mungu kwamba mwanawe hakufia kwa wageni watupu, angalau Elias alikuwepo. Nikala chakula chake. Nikaondoka bila kusema.

Niambie wewe kama nirudi kwake. Ukisema nije kwanza Kahama nisimame mbele yako, nitakuja. Usiponijibu, nitaelewa.

Wasalimie wote unaokaa nao huko, na Mungu akulinde shimoni kila unaposhuka.

Ni mimi,
Elias Maige